Maksai Hufunzwa Peke Yake: Emilian wa Ilongero Aliyeacha Kutazama Mfuo wa Jirani

Vumbi la Novemba bado limelala juu ya njia za Ilongero, mkoani Singida, pale Emilian Mghenyi anapotoka nyumbani kwake akimtanguliza maksai mmoja. Mnyama ni mweupe na jina lake ni Sabuni. Shingoni amevaa nira fupi ya ng'ombe mmoja, na nyuma yake linaburuzwa gogo lenye unene wa kiuno cha mtu mzima.

Mbele hakuna aliyeshika kamba, na ubavuni hakuna ng'ombe mwenzake. Emilian hapigi mluzi wala hainui fimbo. Anafuata kwa nyuma, mikono mgongoni kama mwalimu wa zamu, na anaposema "twende" kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni, Sabuni anakwenda.

Jirani mmoja anapita na baiskeli yenye madumu ya maji. Anapunguza mwendo ili apate nafasi ya kuuliza swali ambalo Ilongero nzima hulipenda.

"Emilian, mwenzake huyo yuko wapi?"

"Yuko zizini. Zamu yake bado."

"Utawafunga pamoja lini?"

"Wakishajua kutembea."

"Ng'ombe kutembea anajua tangu siku anayozaliwa, bwana."

"Nyuma ya mama yake, ndiyo," anajibu Emilian, na gogo linaendelea kuburuzwa.

Emilian, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, hufunza maksai kulima. Watu humletea madume machanga yaliyohasiwa, naye huwarudishia wanyama wanaoweza kuvuta plau. Kwa kila mmoja hulipwa shilingi elfu hamsini, au chakula cha thamani hiyo, au kazi ya mikono kwa yule asiye na kimojawapo. Mwaka mzuri hupata wanyama wanane. Mwaka mbaya aliwahi kupata wawili, na mmoja kati yao, dume la madoadoa lililotoka Sepuka, lilimshinda kabisa. Alimrudishia mwenyewe bila kudai hata senti.

Mafundi wengi wa kazi hii hufuata njia iliyozoeleka. Dume changa hufungwa nira moja na ng'ombe mzee aliyebobea, mtoto hushika kamba mbele, na mzee yule humburuza mwanafunzi wake mpaka atakapoacha kupinga. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa macho ya anayetazama kutoka mpakani, inapendeza. Baada ya wiki chache jozi inalima.

Emilian hufanya kinyume. Kila mnyama humfunza peke yake, kwa miezi miwili au zaidi, mpaka ajue kuanza, kusimama na kugeuka bila kumwangalia mwingine. Ndipo huwaunganisha.

"Ng'ombe aliyefunzwa ubavuni kwa mzee hajafunzwa kuvuta," anasema. "Amefunzwa kuegemea. Siku yule mzee akifa, unabaki na mnyama mkubwa, mwenye nguvu, aliyesimama katikati ya shamba akimtafuta mwenzake."

Anayasema hayo bila dharau. Anayajua kwa kuwa aliyaona kwa macho yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mnyama wa namna hiyo.

Katika familia ya Mghenyi, jina la kulima lilikuwa la kaka yake mkubwa, Simoni. Watu wa Ilongero bado wanamtaja. Simoni alikuwa na mluzi uliosikika mpaka kijiji cha pili, alikuwa na mifuo iliyonyooka kama kamba ya fundi mwashi, na alikuwa na ng'ombe mmoja mzee ambaye inasemekana alijua mipaka ya mashamba kuliko wenye mashamba. Emilian ndiye aliyeshika kamba mbele. Alianza akiwa mtoto wa shule ya msingi, na alipotimiza miaka thelathini alikuwa bado ameishika.

"Mshika kamba anatangulia, lakini haongozi kitu," anasema. "Plau iko nyuma yako. Mfuo uko nyuma yako. Wewe unaona majani tu. Miaka yote ile nilikuwa natembea shambani, na sikuwahi kuona namna udongo unavyopinduka."

Kisha Simoni akahamia Itigi, nyumbani kwa wakwe zake, kufanya biashara ya asali. Yule ng'ombe mzee alikuwa ameuzwa tayari. Emilian akabaki na plau, na jina la ukoo, na maksai aliyeitwa Tairi ambaye maisha yake yote alikuwa amelima ubavuni kwa mzee yule.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Tairi, aliyefungwa na dume la kuazima, alivuta kidogo, akasimama, akageuza shingo upande aliozoea kumwona yule mzee. Akichapwa, alivuta tena hatua kadhaa, akageuza shingo tena. Emilian naye, kila mfuo ulipopinda, aliinua macho kutazama mwisho wa shamba kana kwamba Simoni angetokea pale na kumwambia la kufanya. Wapita njia hawakumwonea huruma. Walisimama mpakani wakahesabu makosa, na walipoondoka waliacha sentensi moja ambayo Emilian aliisikia msimu mzima: Simoni angekuwa amemaliza.

Akaamua kuwa Simoni. Alijifunza mluzi wa kaka yake. Alivaa kofia ya namna ile ile. Aliamka kabla ya wenzake na kwenda kutazama mashamba ya wengine yamelimwa kiasi gani, kisha alirudi kwake na kuwachapa wanyama kwa hasira ya yale aliyoyaona.

Aliyemponya ni mkewe, Ritha, ambaye huuza maandazi na uji wa mtama siku za gulio, na ambaye ulimi wake hauhitaji kunolewa. Ritha anasimulia mwenyewe, akisonga ugali, bila kumtazama mumewe.

"Nilikuwa nimemletea chakula shambani. Nikamkuta anapiga ule mluzi. Anapiga, ng'ombe wanamwangalia tu. Nikamwambia, wewe baba, unawapigia ng'ombe mluzi wa mtu mwingine. Hata mimi ukiniita kwa sauti ya shemeji sitaitika."

"Nilinuna siku hiyo," anasema Emilian.

"Ulinuna wiki," Ritha anamsahihisha.

Lakini alipomaliza kununa, alikata mti mwepesi na kuchonga nira fupi, ya shingo moja. Alimfunga Tairi peke yake na gogo, akampeleka kwenye njia iliyo kati ya miamba nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumtazama yeye wala ng'ombe wa kumtazama Tairi. Huko wakaanza upya, mtu mzima na mnyama mzima, kama watoto wa darasa la kwanza.

Alijiwekea pia sharti moja ambalo hajalivunja mpaka leo. Msimu wa kulima, haendi kutazama shamba la mtu mwingine kabla hajamaliza kazi iliyo mbele yake. Jioni hajiulizi fulani amefika wapi. Hujiuliza leo amejua jambo gani ambalo jana hakulijua. Jibu mara nyingi ni dogo. Kwamba mnyama huyu hapendi kufikiwa kwa upande wa kushoto. Kwamba yule hugeuka vizuri zaidi akipewa muda wa kupumua. Kwamba "simama" isemwe mara moja tu, kwa sababu anayeisema mara tatu anamfundisha ng'ombe kutii mara ya tatu.

Katika zama hizi ambazo kijana hufungua simu kabla hajanawa uso, ili aone nani amejenga, nani amenunua pikipiki na nani amevaa nini, sharti la Emilian lina ukali ambao wengi hatuuwezi. Nidhamu ya kutii kengele ni nyepesi, kwa kuwa kengele hupigwa na mwingine. Iliyo nzito ni ile ya mtu aliyeko peke yake kati ya miamba, asiye na wa kumkagua, ambaye hata hivyo anarudia somo la jana kwa kuwa halikukaa sawasawa.

Mwezi wa Agosti, miezi mitatu kabla ya asubuhi ile ya vumbi, mjane aitwaye Mama Martina, anayekaa upande wa bondeni, alimletea Emilian madume mawili. Mmoja ni Sabuni. Wa pili, mwekundu mwenye kipaji cheupe, anaitwa Mgeni, kwa kuwa alinunuliwa kutoka zizi la mbali na alichukua muda mrefu kuzoea wenzake. Mama Martina hakuwa na fedha. Walikubaliana kwamba maksai hao wakilima, Emilian atachukua ndama dume wa ng'ombe wake mweusi.

Makubaliano hayo yalikuwa makubwa kwa pande zote mbili. Emilian, aliyekuwa amefunza maksai wa nusu ya kata, hakuwahi kumiliki hata mmoja. Tairi alikuwa mali ya Simoni na hatimaye alirudi kwa Simoni. Ndama yule angekuwa mnyama wa kwanza kuingia katika zizi lake kwa jina lake.

Kwa Mama Martina, lililokuwa hatarini ni shamba lenyewe. Mwanawe mkubwa, Raymond, ambaye anafanya kazi ya kuchomelea vyuma mjini Singida, alitaka madume hayo yauzwe. Hakuwa na nia mbaya. Aliona mama yake akikodi watu wa kulima kila mwaka, akichelewa kila mwaka, akivuna nusu ya wanachovuna wengine. Aliona afadhali fedha mkononi kuliko wanyama wanaokula bure.

"Nilimwambia mama, hao si ng'ombe wa kulimia, hao ni wageni wako wa chakula," anasema Raymond. "Miezi mitatu wako kwa fundi wanavuta gogo. Gogo linaota nini?"

Mama na mwana wakaafikiana. Mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha, maksai wataingia shamba la bondeni. Wakilima wenyewe, watabaki. Wakishindwa, watakwenda mnadani Jumamosi inayofuata, na mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana.

Siku chache kabla ya mvua, habari hizo zilimfikia Chediel. Huyu ni fundi mwingine wa maksai, kijana wa miaka ishirini na minane, mchangamfu, mwenye ng'ombe mzee maarufu aitwaye Dereva. Chediel akaja kwa Emilian na msaada wa dhati uliofungwa ndani ya mzaha, kama ilivyo kawaida yake.

"Kaka, shikamoo. Hao ng'ombe wako wanasoma digrii? Mimi wangu wiki tatu wana cheti."

"Marahaba. Cheti chako kinaisha muda ukimtoa Dereva ubavuni."

Chediel alicheka. Kisha akasema alichokuja kusema. "Sikiliza. Siku hiyo mchukue Dereva. Bure. Mfunge na yule mweupe, mwekundu mwache zizini. Shamba litalimwa kwa saa mbili tu, Raymond ataridhika, wewe utapata ndama wako. Nani atajua?"

Emilian anakiri kwamba jambo hilo lilimvuta. Lililomvuta zaidi ni kwamba halikuwa la wizi wala la uongo wa wazi. Ni mkono wa jirani kwa jirani. Alikwenda kulisema kwa mwenye ng'ombe.

Mama Martina alimpokea uani, akichambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda hicho."

Emilian alieleza. Mama Martina, aliyekuwa amekwisha kulala mara kadhaa akimwota mnunuzi wa mnadani, alishika neno hilo kwa mikono miwili. "Mwanangu, mwazime yule mzee wa Chediel. Tupite tu siku hiyo."

"Tutapita, mama. Na shamba la juu, wiki ijayo, atalima nani?"

"Mgeni atakuwa ameshajifunza."

"Atajifunza wapi, na yuko zizini?"

Mama Martina aliendelea kuchambua. Emilian akamwambia kwamba ng'ombe ni wake, na neno ni lake. Akisema Dereva aje, ataletwa. Alimwambia pia kwamba hawezi kumwahidi kitu kuhusu Mgeni, kwa kuwa mnyama huyo akichoka hulala chini, na bado hajaacha kabisa tabia hiyo.

"Sasa unaniambia hayo leo," alisema mama yule.

"Nakwambia leo ili usiyaone kesho kutwa ukasema nilikuficha."

Mjane alipuliza makapi ya choroko, akayatazama yanavyoruka. Kisha akasema, "Walete walivyo. Nimekula na watu wawili wenye ukweli katika maisha yangu, na mmoja nimemzika."

Mvua ilinyesha Jumatatu jioni, mvua nene yenye ngurumo, na Jumanne asubuhi udongo wa bondeni ulikuwa umelegea. Watu walijitokeza mapema kwenye mashamba yao. Raymond alifika kwa bodaboda akiwa amevaa viatu vya ngozi, simu mkononi. Katika shamba la pili, mpaka mmoja tu katikati, Chediel alikuwa amekodiwa kulima, na Dereva alikuwa amekwisha kufungwa.

Sabuni na Mgeni walianza vizuri. Sabuni alitembea ndani ya mfuo, upande wa kulia, kama alivyofunzwa. Mgeni alitembea kushoto juu ya ardhi isiyolimwa. Emilian alishika plau. Mbele yao hapakuwa na mtu. Baadhi ya watazamaji walilitambua hilo wakaanza kuonyeshana vidole, kwa maana pande hizo jozi mpya isiyo na mshika kamba haijazoeleka.

Upande wa pili Chediel alikuwa akipiga mluzi, na jozi yake ilikuwa ikienda kwa kasi maradufu. Alipofika mpakani alipaza sauti, "Kaka, nikuachie nafasi au nilime mpaka kwako?"

"Lima chako," alisema Emilian, macho yakiwa kwenye ncha ya plau.

Jua lilipoanza kuuma, kwenye kona ya juu, Mgeni alikunja magoti na kulala.

Alilala kama mtu aliyefika nyumbani. Nira ilimvuta Sabuni shingo chini, plau ikainama, na vicheko vikatoka mpakani. "Amechoka na masomo," alisema mmoja. Mwingine akashauri achomwe mkia. Raymond hakucheka. Alimtazama mama yake aliyesimama mpakani, akatazama chini, kisha akaanza kutafuta namba ya mnunuzi.

Emilian anasema mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaifikia fimbo. Aliisikia, anasema, ile sentensi ya zamani ikisemwa na watu ambao hata hawakuwa wamefungua midomo. Akaiweka fimbo chini. Alichomoa vijiti vya nira, akamtoa Mgeni kifungoni na kumwacha alale. Kisha akaenda mpaka kwenye kivuli alikoweka vitu vyake, akarudi na ile nira fupi ya shingo moja, akamvisha Sabuni. Akaunga mnyororo, akainua plau ili ikate kidogo tu, akasema, "Twende."

Na Sabuni akaenda.

Alikwenda polepole, mgongo ukiwa umekunjika, akipindua udongo wa kina cha kiganja. Mfuo ulikuwa mwembamba. Lakini ulikuwa mfuo, umelimwa na maksai mmoja aliyezoea kuvuta bila kutazama ubavuni, na mpakani vicheko vilikauka kimoja baada ya kingine. Hata mluzi wa Chediel ulikatika.

Walikwenda mpaka chini na kurudi. Walipokuwa wakipanda tena kuelekea kona ile, Mgeni, aliyekuwa amelala akitafuna kama tajiri, aliinua kichwa. Aliwatazama wakipita. Kisha akanyanyua sehemu ya nyuma, akanyanyua ya mbele, akajipukuta udongo, na akasimama. Hakuna aliyemgusa. Emilian alimwacha asimame kwa muda, akaleta nira ndefu, akawafunga wote wawili, na kazi ikaendelea.

Ukweli lazima usemwe wote. Saa za kazi zilipokwisha, shamba la bondeni lilikuwa limebaki pembe moja isiyoguswa. Chediel alikuwa amemaliza shamba lake na kuanza jingine, na siku hiyo alilipwa fedha ambazo Emilian hupata kwa mwezi. Mwenye kupima kwa ekari angempa Chediel ushindi, na angekuwa na haki.

Raymond alisema kilichokuwa wazi. "Mama, hawajamaliza."

"Nilisema wamalize?" aliuliza Mama Martina. "Nilisema walime wenyewe. Sasa vua hivyo viatu ushike plau."

"Mimi?"

"Kuna Raymond mwingine hapa?"

Raymond alimtazama Emilian, akitarajia labda kuokolewa. Emilian alisogea pembeni na kukaa juu ya jiwe. Kijana akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye udongo. Alishika plau kwa namna ya mtu aliyewahi kujua na kusahau. Alisema "twende" kwa sauti isiyokuwa na hakika, na maksai wale, ambao hawakuwahi kumsikia, wakaondoka.

Mfuo wake ulipinda vibaya. Mama yake alisema hivyo kwa sauti ya kusikika na wote. Lakini alipofika mwisho wa pembe na kusema "simama," jozi ilisimama, na Raymond alibaki pale upande wa chini wa shamba kwa kitambo, mikono bado juu ya plau, akitazama mahali patupu mbele ya ng'ombe.

"Mara ya mwisho nilipokuwa kwenye shamba hili, baba alikuwa ameshika plau na mimi nimeshika kamba," alieleza baadaye. "Nilichukia sana kamba ile. Sikujua kama inawezekana isiwepo."

Alipanda mpaka kwenye viatu vyake, akachukua simu na kumpigia mnunuzi. Aliongea kwa ufupi. Alipoulizwa kuna tatizo gani, alijibu kwamba hakuna tatizo, ng'ombe wako kazini.

Jioni ile Chediel alipita kwa Emilian, safari hii bila mzaha mwingi. Aliomba kuiona nira fupi. Aliigeuza, akapima unene wake kwa vidole, akauliza ni mti gani. Emilian alimwambia. Chediel akasema hatabadili kazi yake yote, kwa sababu wateja wake wana haraka na yeye ana watoto. Lakini Dereva amezeeka, naye amekuwa akiogopa kulitaja jambo hilo.

"Mlete mmoja, yule unayempenda kuliko wote," Emilian alimwambia. "Umpeleke mwenyewe kwenye njia yangu. Mimi nitakaa kimya."

Sasa ni Februari. Mtama wa Mama Martina umefika kifuani, na shamba la juu nalo limelimwa, safari hii na Raymond aliyekuja mwisho wa wiki bila viatu vya ngozi. Mgeni amelala mara moja tu tangu siku ile. Watu wengine wanne wamepeleka madume yao kwa Emilian, na wawili amewarudisha, akiwaomba wasubiri msimu ujao.

"Nikichukua wote nitaanza kukimbia," anasema. "Nikikimbia nitaanza kutazama nani yuko mbele. Najijua."

Ritha, ambaye alikuwa amekwisha kuyapigia hesabu malipo ya wale wawili, anasema alinuna. Alipoulizwa kwa muda gani, alisema bado ananuna.

Na zizini, nyuma ya nyumba, yuko ndama mweusi. Mama Martina alimleta mwenyewe, kwa miguu, siku ya Jumapili baada ya ibada, akiwa amemfunga kamba mpya shingoni. Bado ni mdogo mno kwa gogo, na nira hataiona mpaka mwaka upite. Kila asubuhi Emilian humtoa na kwenda naye kisimani na kurudi, shingo ikiwa tupu, ili tu ajue kuanza na kusimama.

Ndoto yake ni kuwa na jozi yake mwenyewe, na siku moja kulima shamba lake kwa ng'ombe wake kabla hajalima la mtu. Wa pili hajapatikana. Huenda atanunuliwa baada ya mavuno, huenda baada ya mavuno ya mwaka kesho. Emilian hana tarehe ya kutaja na hataki kuitunga.

"Watu wananishangaa, wananiuliza utaanzaje kufunza na jozi huna," anasema, huku ndama akimsubiri langoni. "Nawaambia mwenzake sijui yuko wapi. Labda yuko Misigiri, labda hajazaliwa. Huyu yupo, ana miguu minne, na njia ya kisimani ipo. Yule akija, atamkuta mwenzake anajua kutembea."

Anafungua lango. "Twende," anasema, na ndama anatangulia.